Walimwengu au Viumbe? Imani na Swali la Uhai Nje ya Dunia, kwa Kutazamia kutoka Garsen

Swali la kama kuna viumbe hai nje ya dunia hii huhesabiwa kuwa ni swali la wanasayansi. Likiingia katika mambo ya imani, huachiwa masheikh na mapadri. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kwetu sisi tunaosoma, tunaofundisha na tunaohakiki kwa Kiswahili, swali hili ni la lugha kwanza. Mwumini wa Kiswahili huwa ameshapewa nusu ya jibu kabla hajauliza, kwa neno alilofundishwa utotoni. Na mara nyingi neno hilo ni walimwengu. Tutalichunguza neno hili, tutalilinganisha na mengine yanayoshindana nalo, na tutatoa hukumu yetu juu ya lipi linafaa na kwa kiasi gani. Mahali tulipochagua kusimama ili tuitazame mbingu ni Garsen, katika bonde la chini la mto Tana, na tutaeleza kwa nini.

1. Mahali pa kusimama

Garsen ni mji uliopo pale barabara itokayo Malindi kwenda Lamu inapokutana na mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Kutoka hapo mto huteremka katika nchi ya delta mpaka Kipini, ukaingia katika ghuba ya Ungwana. Kandokando ya maji wanalima Wapokomo. Nje ya kingo wanachunga Waorma na Wawardei. Uislamu na Ukristo umekaa hapa jirani kwa jirani. Wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walianza kazi Ngao mwaka 1887, na Wamethodisti walikuwa wamekwisha kutangulia Golbanti. Waorma nao waliupokea Uislamu kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Huku kwenye mdomo wa mto kuna Ozi na Kipini, ambako mapokeo yanasema ndiko alikozikwa Fumo Liyongo. Na mbele kidogo kaskazini kuna Lamu na Pate, kitovu cha tenzi za kale.

Ghuba ya Ungwana ina ncha mbili. Ncha ya kaskazini ni Kipini, na ya kusini ni Ngomeni. Katika bahari ya Ngomeni Waitalia walisimamisha majukwaa yao ya San Marco na Santa Rita, na kutoka hapo, kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kwenda angani. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, na orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo. Basi kutoka katika ghuba ile ile inayopokea maji ya Tana, neno la Kiswahili lilipanda juu ya mawingu likaenda kuhesabu mambo ambayo jicho la mwanadamu halikupata kuyaona.

Tukio kubwa namna hii lilitazamiwa lizae mjadala katika maandishi yetu. Lakini mjadala huo umekuwa haba, na ulipotokea umeelekea kukwama katika msimamo mmoja kati ya miwili: wa kwanza unasema kufikiri juu ya viumbe wa mbali ni kukaribia kukufuru, wa pili unasema kila kitu kimo tayari katika vitabu vitakatifu, hata vyombo vya angani. Sisi tunaona misimamo yote miwili inatokana na kosa moja la usomaji. Kosa hilo ni kulichukua neno la tafsiri kana kwamba ndilo neno lenyewe lililofasiriwa.

2. Mbingu yenye wenyeji

Tuanze na yale ambayo watu wa bonde hili walikuwa nayo kabla ya mabishano ya leo. Katika lugha za Kioromo, ambazo Kiorma ni mojawapo, neno Waaqa lina maana mbili zisizotengana: ni Mungu na ni mbingu. Mchungaji aliyeinua uso kutazama kama mvua inakuja alikuwa akitazama upande ule ule anaouombea. Waswahili nao walizisoma nyota kwa ajili ya kazi, na jina la kundi la nyota za Kilimia linabeba kitenzi cha kulima ndani yake. Hata neno mbingu lina ushahidi wake. Katika lahaja za kaskazini umoja wake ni uwingu, neno lililo ndugu wa wingu. Na wingi wake ndio uliokubali kwa urahisi fundisho la mbingu saba. Lugha ilikuwa na nafasi ya kuweka mbingu nyingi kabla mwalimu hajaja kuzihesabu.

Juu ya msingi huo ndipo zilipojengwa tenzi za Miiraji. Kisa chenyewe kinajulikana na kila mtoto wa chuoni: Mtume anachukuliwa usiku, anampanda Buraki, anafuatana na Jibrili kutoka mbingu hadi mbingu. Kinachotuhusu sisi wahakiki ni namna kisa hiki kinavyoipanga mbingu. Si mahali patupu. Kila mbingu ina mlango, na kila mlango una mlinzi. Mlinzi huuliza ni nani ajaye, yu pamoja na nani, na kama ameitwa. Kisha hufungua na kukaribisha. Msikilizaji wa mwambao huutambua mpango huu mara moja kwa sababu ndio adabu ya nyumba yake mwenyewe: mgeni hupiga hodi, hujitaja, hungoja, huitikiwa. Mbingu za Miiraji ni mji wenye mitaa na wenyewe.

Hapana budi tuwe waangalifu. Malaika na mitume walioko katika mbingu za Miiraji si uhai unaotafutwa na wataalamu wa nyota, na mtu atakayezitumia tenzi hizi kuwa ni habari za sayari atazidhulumu tenzi na sayari pia. Hoja yetu ni ndogo zaidi, lakini ina uzito. Msikilizaji aliyelelewa kwa tenzi za Miiraji hakufundishwa kwamba mwanadamu yu peke yake katika uumbaji. Alifundishwa kinyume chake: kwamba viumbe ni wengi, kwamba wengi wao hawaonekani, na kwamba akifika kwao yeye ndiye mgeni. Kwa hiyo hofu ya kwamba imani itavunjika pindi kiumbe mwingine akipatikana haikutoka katika mapokeo haya. Tuitafute ilikotoka.

3. Neno walimwengu

Mwanzoni mwa Fatiha, Mwenyezi Mungu anasifiwa kuwa ni Bwana wa ‘alamin. Neno hili ni wingi wa ‘alam, yaani ulimwengu. Mfasiri wa Kiswahili anapolifikia neno hili anakutana na shida tatu, nasi tutazichukua moja moja.

Shida ya kwanza ni kwamba ulimwengu, kwa matumizi ya kawaida, hauna wingi unaofaa. Wingi wake wa dhahiri ungekuwa malimwengu, lakini neno hilo limekwisha kushika kazi nyingine: malimwengu ni mambo ya dunia, visa vyake, hadaa zake na maajabu yake. Mfasiri akisema Bwana wa malimwengu, msikilizaji atafikiri juu ya misukosuko ya maisha.

Shida ya pili inatoka katika Kiarabu chenyewe. ‘Alamin imepewa wingi wa namna ambayo aghalabu huwahusu wenye akili. Kwa sababu hiyo baadhi ya mufasirina walilifahamu kuwa ni makundi ya wenye akili, yaani watu, majini na malaika, na wengine wakalipanua likawa kila kisichokuwa Mungu. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1209, alipolieleza neno hili katika tafsiri yake kubwa, alikwenda mbali zaidi: alitetea kwamba Mungu anao uwezo wa kuumba maelfu kwa maelfu ya ulimwengu mbali na huu tuujuao. Basi swali tunalodhani limeletwa na roketi lilikwisha kujadiliwa na msomi wa dini miaka mia nane iliyopita, tena bila ya fazaa.

Shida ya tatu ndiyo ya Kiswahili, nayo ndiyo kiini cha makala hii. Neno lililozoeleka zaidi vyuoni ni walimwengu. Kwa sura ya nje ni uteuzi mzuri, kwa kuwa umelishika shina lile lile la ulimwengu, na kiambishi cha wa- kimejaribu kufuata ule wingi wa Kiarabu wa wenye akili. Lakini ngeli ina nguvu zake. Mlimwengu kwa Mswahili si jini wala malaika. Ni mwanadamu, tena mwanadamu kwa upande wa tabia zake: walimwengu husema, walimwengu hawana jema, walimwengu hawatosheki. Hivyo neno lililokuwa na upana wa kila kilichoumbwa limefika Kiswahili likiwa na upana wa majirani na maneno yao. Hakuna mwanachuoni aliyeamua kuwaondoa viumbe wengine katika ufalme wa Mungu. Wameondolewa na kiambishi.

Tafsiri ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, iliyochapishwa mwaka 1995, ilifuata njia nyingine ikatumia viumbe vyote. Tunaiona njia hii kuwa ni bora kwa upana wake, na tena inatupa somo la sarufi ambalo walimu wa lugha wasingeliacha lipite. Kiumbe ni jina la ngeli ya ki-/vi- lakini hukubali upatanisho wa namna mbili. Tukisema viumbe wote, tumewataja wenye uhai. Tukisema viumbe vyote, tumeingiza pia mawe, mito na nyota. Kwa herufi chache mfasiri ameamua kama jua nalo linahesabiwa miongoni mwa walio chini ya ulezi wa Mungu. Hata hivyo njia hii ina hasara yake. Imehifadhi wingi wa walioumbwa, lakini imepoteza wingi wa ulimwengu. Msomaji hapati tena fununu kwamba neno la asili lilisema juu ya ulimwengu zaidi ya mmoja.

Mfano wa pili unathibitisha jambo lile lile. Katika sura ya 42, aya ya 29, Qurani inataja kuumbwa kwa mbingu na ardhi, na dabba ambao Mungu amewaeneza humo. Dabba kwa asili ya neno ni kitambaacho au kitembeacho, na katika sura ya 16, aya ya 49, neno hilo limetajwa pamoja na malaika, kila kimoja kwa jina lake, jambo ambalo limewafanya baadhi ya wasomaji kuona kwamba dabba wa mbinguni si malaika. Mfasiri akiandika wanyama, msomaji wa Garsen ataona ng’ombe wa Waorma na viboko wa mto Tana, kisha atashangaa wanafanya nini mbinguni. Akiandika viumbe wenye uhai, swali litabaki wazi kama lilivyo katika asili. Nasi tunasema kwamba kazi ya mfasiri ni kuliacha wazi lililo wazi.

4. Upande wa Ngao

Wakristo wa bonde hili wana shida yao, na si ndogo. Kwa Mwislamu swali ni la upana wa uumbaji. Kwa Mkristo swali ni la wokovu. Iwapo Mwana wa Mungu alifanyika mwanadamu mara moja, katika dunia moja, je, viumbe wengine wenye akili wanaingia katika wokovu huo, au wanahitaji wao, au hawakuanguka hata wauhitaji?

Hapa pia lugha imetangulia. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo ya Muungano, imetumia neno ulimwengu katika Injili ya Yohana, sura ya 3, pale panaposemwa kilichopendwa na Mungu. Neno la Kiyunani ni kosmos, ambalo laweza kuwa mpango mzima wa vitu na laweza kuwa jamii ya wanadamu. Bahati njema, ulimwengu nao una maana hizo mbili. Mfasiri hakulazimika kuchagua, na kwa kutochagua amemwachia mhubiri wa Ngao nafasi ambayo mwalimu wa chuo, akishikilia walimwengu peke yake, hanayo. Si kwamba Wakristo walikuwa wepesi zaidi wa mawazo. Historia yao inaonyesha kuyumba: mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alilaani kauli kwamba Mungu hawezi kuumba zaidi ya ulimwengu mmoja, mwaka 1600 Giordano Bruno alichomwa moto mjini Roma, na miongoni mwa mafundisho yake, ambayo si hilo peke yake lililomponza, lilikuwamo la ulimwengu zisizo na idadi, na mwaka 2008 José Gabriel Funes, padri aliyekuwa akiongoza kituo cha nyota cha Vatikani, alisema hadharani kwamba kuamini kuwako kwa viumbe hao hakupingani na imani. Njia hiyo ya miaka zaidi ya mia saba haikunyooka, lakini haikufungwa.

5. Wale ni sisi

Je, fasihi ya kubuni imefanya nini? Kazi moja ya mwandishi wa mwambao wa Kenya haiwezi kupitwa hapa. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 na kufariki mwaka 2004, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika mkuu, Dzombo, amehukumiwa kufa katika nchi yake. Badala ya kufa anafika katika sayari nyingine, ambako watu wanaishi bila kunyonyana. Jina la sayari likikatwa vipande linasema wazi: wale ni sisi.

Riwaya hii imesomwa zaidi kuwa ni ya kisiasa, na ndivyo ilivyo. Lakini tukiiweka kando ya tenzi za Miiraji tunaona jambo jingine. Katika Miiraji msafiri huitwa, naye hubisha hodi. Katika Walenisi msafiri hutupwa. Katika Miiraji wenyeji wa juu ni wengine kabisa, nao hukaribisha. Katika Walenisi wenyeji wa mbali ni sisi wenyewe tulivyostahili kuwa. Mkangi amejenga sayari yake juu ya utu, kiasi kwamba ugeni wa wageni umetoweka. Huo ni uzuri wa riwaya na ni mpaka wake pia. Akisema wale ni sisi, amewafanya tena walimwengu, akalifunga swali ambalo chombo chake cha anga kilikuwa kimelifungua: itakuwaje iwapo wale si sisi? Imani, kwa upande wake, haiwezi kulikwepa swali hilo, kwa sababu inamdai mtu amheshimu kiumbe kwa kuwa ameumbwa, hata kama hafanani naye.

Na hili si jambo la kupamba midahalo. Bonde la Tana limeona damu ikimwagika baina ya wakulima na wachungaji, mwaka 2001 na tena mwaka 2012 na 2013. Watu wanaoswali na kusali kwa maneno ya Bwana wa walimwengu wote walishindwa, kwa kipindi, kumwona mlimwengu ng’ambo ya mto. Neno pana halimfanyi mtu mwema. Lakini neno jembamba humpa mtu kisingizio, na kazi yetu ni kuvipunguza visingizio.

6. Hukumu

Tangu mwaka 1995, ilipogunduliwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota iliyo kama jua letu, zaidi ya sayari 5,000 nje ya jamii ya jua letu zimethibitishwa. Katika zote hizo, uhai haujapatikana hata mahali pamoja. Kwa hiyo anayesema dini imekwisha kushindwa amesema kabla ya wakati, na anayesema aya zimekwisha kuthibitishwa naye amesema kabla ya wakati. Kuifunga aya kwenye nadharia ya leo ni kuifanya imtegemee mtaalamu atakayesahihishwa kesho.

Tumchukulie mwanafunzi mmoja wa Garsen. Asubuhi ameambiwa chuoni kwamba walimwengu maana yake ni watu. Mchana ameambiwa shuleni idadi ya sayari. Jioni anadhani hana budi kuchagua kati ya walimu wake wawili. Uchaguzi huo ni wa uongo, na gharama yake ni kubwa, kwa kuwa mwanafunzi atakayeshika chuo ataogopa shule, na atakayeshika shule atakidharau chuo. Wala hakuna kati ya walimu wale aliyefundisha kosa la imani au la sayansi. Palipokosewa ni katika ngeli.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Viumbe vyote na kiwe ndicho kiwango cha tafsiri, na walimwengu kibaki mahali ambapo asili inawakusudia wanadamu hasa. Mwalimu wa chuo alifungue neno ‘alamin mbele ya wanafunzi, aeleze wingi wake na tofauti za mufasirina. Nasi wa idara za lugha tukusanye maneno ya mbingu na nyota ya Kipokomo, Kiorma na lahaja za mwambao wa kaskazini, kwa kuwa humo mna fikra ambazo kamusi zetu bado hazijazipa nafasi ya kutosha. Kama viumbe wale wapo au hawapo si juu yetu kuamua. Lililo juu yetu ni kuhakikisha kwamba, siku jibu litakapokuja, Kiswahili hakitakuwa ndicho kilichomfungia mlango mgeni kabla hajapiga hodi.